Habari Niliyoiba kwa Baba Mdogo

Ndugu zangu, asifiwe Bwana aliyenifikisha mbele yenu leo nikiwa na uso wa kuwaangalia. Wazee wetu shikamooni. Mama zangu shikamooni. Nanyi mliotoka mbali, wa Elerai na wa Usa River, karibuni sana, na poleni kwa tope la njia yetu.

Kwa wageni, naitwa Anaeli. Niko mwaka wa pili katika chuo cha ualimu. Baba yangu ni yule mzee wa kanisa aliyekaa benchi la mbele, yule aliyeinamisha kichwa. Baba, inua kichwa, leo ni siku ya furaha.

Kwa miezi minne sikuikaribia meza ya Bwana. Nilitengwa. Asubuhi hii mchungaji amenipokea tena mbele yenu, nimepiga magoti pale pamoja nanyi, nimekula na nimekunywa. Nisipowaambia nilivyojisikia mtasema nina kiburi, basi nawaambia: nilipoinuka pale miguu ilikuwa myepesi hata nikaogopa nitajikwaa.

Kisa chenyewe hamkukijua, kwa sababu wazee walikifunga huko barazani kwao, na watu wasipoambiwa hujiambia wenyewe. Nimeyasikia yote. Wengine mlisema nimempa binti wa watu mimba. Wengine mkasema nimeoa Mkamba kwa siri. Na mama mmoja, simtaji jina lakini ananiangalia sasa hivi, alisema nimekuwa mlevi. Mama, wewe ndiye uliyekaribia kuliko wote. Kaa vizuri nikueleze.

Mnakumbuka likizo iliyopita wanafunzi wanne wa chuo tulitumwa Kenya, nchi ya Ukambani, kwa mwezi mmoja wa kuhubiri. Mliimba mkatuombea, mkatufungia ndizi za kuchoma za njiani. Tulikwenda na mwalimu wetu, Mwalimu Zefania, mtu wa uamsho, asiyependa maneno mengi. Tulipata vibali vyetu bomani kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, tukavuka Namanga, tukashuka Athi River, tukapanda lori mpaka kwenye vilima vya Machakos. Wenyeji wetu walitupokea vizuri mno. Mimi nililala kwa mama mmoja mjane anayeitwa Mama Kamene. Mungu ambariki, kwa mwezi mzima hakuniacha nichote maji mwenyewe.

Sasa kule kuna desturi. Kabla mhubiri hajafungua kinywa, kila kijana wa safari husimama sokoni au kanisani na kushuhudia: zamani nilikuwa hivi, Bwana akanitendea hivi, leo niko hivi. Mwalimu Zefania alituonya tangu Namanga. Alisema, "Kila mtu aseme alichotendewa yeye. Kikiwa kidogo, akiseme kikiwa kidogo."

Ndugu zangu, mimi sikuwa na hata hicho kidogo. Mnanijua. Nilibatizwa nikiwa na wiki sita. Nilipofundishwa kipaimara nilikariri kila kitu bila kukosa neno. Nimeimba kwaya tangu sauti yangu iko kama ya dada zangu. Dhambi yangu kubwa ilikuwa kula ndizi mbivu za bibi nyuma ya nyumba, na hata hiyo nilikwisha kuiungama. Nilikuwa mtoto mwema mpaka nikawachosha wenzangu.

Siku ya kwanza tulisimama sokoni. Mwenzetu mmoja alisema alivyokuwa akiiba ng'ombe wa watu. Watu wakasogea karibu. Wa pili alisema alivyombebea mganga mkoba miaka mitatu, na mambo aliyoyaona humo. Akina mama wakafuta machozi kwa kanga. Ikafika zamu yangu. Nikasema, nimezaliwa nyumba ya Kikristo, nikabatizwa, nikapata kipaimara, nampenda Yesu. Nikaketi. Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akauliza bei ya mahindi.

Jioni ile Mama Kamene aliniwekea chakula, akanishika bega kwa huruma, akaniambia, "Kijana, usikate tamaa. Siku moja na wewe utaokoka."

Mnacheka. Mimi sikucheka. Niliona wivu, ndugu zangu, wivu mchungu. Niliwaonea wivu wenzangu kwa dhambi zao! Nikajiuliza, mtu afanye nini akiwa hana lolote la kusimulia? Ndipo nikamkumbuka Baba Mdogo.

Baba Mdogo Ndewira, mdogo wake baba, wengi mnamjua. Yuko pale karibu na mlango, hapendi kukaa mbele. Miaka sita iliyopita alisimama hapa hapa akatushuhudia kwa Kimeru. Alitueleza alivyokunywa pombe ya ndizi mpaka akawa analala ndani ya shamba lake la kahawa kama mnyama. Alitueleza siku aliyombeba mtoto wake mchanga, akaenda naye kilabuni, na wakati wa kurudi akamlaza ukingoni mwa mfereji ili apumzike kidogo, kisha akainuka akaenda zake akamsahau. Akina mama waliokuja kuchota maji ndio waliomwokota. Nilikuwa nimekaa na kwaya siku ile. Nililia. Kila neno lake lilibaki kichwani mwangu kama vile nililikariri.

Basi soko la pili nikasimama nikaisema habari ile. Niliisema yote, kwa Kiswahili kizuri cha chuo. Nilijiweka mimi mahali pa Baba Mdogo, na kwa kuwa sina mtoto, nikasema alikuwa mtoto wa dada yangu. Nilipofika penye mfereji, mwanamke mmoja akapiga kelele. Watu saba walikuja mbele siku ile kuombewa. Mwalimu Zefania aliniangalia kwa muda mrefu, lakini yeye ni mtu wa kijiji kingine, hakuijua habari ya Baba Mdogo. Mama Kamene alinipikia kuku.

Nitasema ukweli wote maana nimekuja kuusema. Nilifurahi. Soko la tatu niliisema tena, na nikaongeza chumvi. Soko la nne watu walinisubiri.

Hapo ndipo alipokuja Mutua.

Mutua ni mtu wa makamo, kazi yake kuchonga mizinga ya nyuki. Alinifuata baada ya ibada, akanivuta kando, mikono ameificha ndani ya koti. Akasema, "Kijana, mimi ni wewe." Akanieleza habari yake. Alikuwa mlevi kwa miaka. Miezi miwili iliyopita, akiwa amelewa, alimwangusha mtoto wake wa mwisho, mkono wa mtoto ukavunjika. Mkewe, Nduku, akachukua watoto wote watatu akarudi kwa baba yake. Na yule mzee alitoa neno moja tu: Mutua akikaa mwezi mzima bila kuonja pombe, mke na watoto watarudi. Akionja hata kidogo, neno limekwisha, asije tena kubisha pale.

Akatoa mikono kwenye koti. Ilikuwa inatetemeka kama ya mtu mwenye homa. Akasema, "Leo ni siku ya kwanza. Nimejaribu mara nne, kila mara siku ya tatu inanishinda. Niambie wewe ulivukaje siku ya tatu."

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana aliponifungulia mlango wa kutoka. Ningesema tu, kaka, nimekudanganya, ningekuwa nimeaibika nusu saa na jambo limekwisha. Sikusema. Nilimwangalia yule mtu, nikaona jinsi alivyoniamini, nikaogopa nikisema ukweli atarudi kilabuni jioni ile ile. Ndivyo nilivyojiambia. Kumbe niliogopa kumpoteza kuku wa Mama Kamene pia.

Nikasema, "Nilifunga. Siku tatu sikula wala kunywa chochote, nikaomba tu." Nilitoa wapi? Hewani. Baba Mdogo hakusema hivyo hata kidogo. Nilikuwa nimesikia tu kwamba kufunga ni kuzuri, nikamvalisha mgonjwa nguo nisiyojua kipimo chake.

Mutua akanishukuru. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Siku ya tatu sikumwona kanisani. Nikaulizia, nikaonyeshwa nyumba yake, nikaenda peke yangu adhuhuri. Mlango ulikuwa wazi. Nilimkuta chini sakafuni kati ya vipande vya mti wa mzinga, midomo imekauka na kupasuka, macho yanazunguka. Hakunijua. Alikuwa anafukuza nyuki mwilini mwake, na nyuki hawakuwapo hata mmoja. Kisha mwili wote ukakakamaa, akaanza kupigapiga kichwa chini.

Nilipiga mayowe kama mwanamke aliyefiwa. Mama Kamene na majirani wakaja mbio. Mama Kamene akauliza amekula nini, nikasema hajala siku tatu, hata maji. Akauliza nani kamwambia hivyo. Nikasema mimi.

Hakunigombeza, hakuwa na nafasi. Alimgeuza ubavu, akamshika kichwa, na alipotulia akaanza kumtia maji kwa kijiko, kidogo kidogo, kisha uji mwepesi wenye chumvi. Alifanya hivyo mpaka jua likashuka. Mganga wa zahanati alikuja, akasema ameponea chupuchupu, na kwamba mtu kama huyu hanyimwi maji wala chakula, hata mtoto anajua. Mimi nilikuwa mwalimu wa kesho, sikujua.

Nililia pale pembeni. Niliomba, na maombi yangu hayakuwa ya kwaya. Nilisema, Bwana, mtu huyu akifa, ni mimi niliyemuua, na nimemuua kwa ushuhuda. Kama utamwacha hai, nitasema, hata wakinirudisha nyumbani kwa miguu.

Bwana akamwacha hai.

Asubuhi yake Mutua alikuwa ameketi, dhaifu lakini ana akili zake. Nikamwita Mwalimu Zefania, nikamwita Mama Kamene, nikapiga magoti mbele ya yule mtu. Nikasema, "Kaka Mutua, sijapata kunywa pombe. Hata kuionja. Ile habari ni ya baba yangu mdogo. Niliiiba."

Mwalimu Zefania alifunga macho. Mutua aligeuza uso ukutani. Nikajua sasa atasimama aende kilabuni, na Nduku hatarudi, na wale watoto watatu nitawajibia mbele za Mungu.

Kisha akauliza, uso bado uko ukutani, "Huyo baba yako mdogo, yu hai?"

"Yu hai."

"Na ni kweli aliacha?"

"Ni kweli. Mwaka wa sita sasa."

Akageuka. Akasema, "Basi yuko mtu aliyevuka. Nilidhani sasa hayuko hata mmoja." Akamwomba Mama Kamene uji.

Siku nne baadaye safari yetu ilikwisha. Mbele ya soko zima Mwalimu Zefania aliniambia nisimame nikaseme nilichofanya, nikasimama nikasema. Wengine walinizomea. Mama mmoja alitema mate. Nilistahili. Mutua alikuwa siku ya nane, ameshikilia, lakini nilipomuaga aliniambia hana nguvu ya kufika mwisho peke yake, na hakuna mtu kijijini aliyewahi kuacha ambaye yeye anaweza kumuuliza. Nikamwahidi nitampelekea mwenye habari ile.

Njia nzima nilikuwa naogopa kufika. Huku mlijipanga barabarani mnaimba, na mimi nikawapita mbio na mzigo mgongoni. Mlisema chuo kimenifundisha majivuno. Nilikuwa naelekea kwa Baba Mdogo.

Nilimkuta kwenye kahawa yake, anachuma. Kahawa ilikuwa imeiva msimu ule vibaya sana, matawi yameinama kwa wekundu, na yeye peke yake na mkewe. Nikasema, "Shikamoo, Baba Mdogo." Akasema, "Marahaba, umerudi." Akaendelea kuchuma. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, sikukaa. Nilimwambia nimechukua siku ile mbaya kuliko zote maishani mwake, siku ya mfereji, nikaitembeza masokoni ya ugenini ili nisifiwe. Nilimwambia karibu niue mtu kwa siku hiyo. Nilingoja anipige. Angenipiga ningeshukuru.

Aliacha kuchuma. Akaiangalia mikono yake. Kisha akaniuliza neno moja.

"Yuko siku ya ngapi?"

Nikasema, "Leo ni ya tisa, Baba Mdogo."

Akaweka kikapu chini. Akasema siku ya kumi na mbili, ya kumi na tatu, ndizo zinazodanganya, kwa sababu mwili umepoa na mtu anajiona amepona. Akaingia ndani kutafuta koti lake.

Ndugu zangu, mtu huyu hakuwahi kuvuka Usa River isipokuwa kwa mazishi. Kiswahili chake mnakijua, cha sokoni, cha kuuza na kuondoka. Kesho yake alikwenda bomani kuomba kibali. Karani akamuuliza, unakwenda Kenya kufanya nini? Akajibu, nakwenda kukaa na mtu. Karani akauliza, mtu gani, ndugu yako? Akasema hapana, sijamwona bado. Walimzungusha pale siku nzima, na kama si mchungaji wetu kuandika barua angeendelea kukaa bomani mpaka leo.

Mimi nilibaki kuchuma kahawa yake. Baba alikuja akanikuta huko juu ya ngazi, akauliza Ndewira yuko wapi, nikashuka nikamwambia. Baba hakulala siku mbili. Siku ya tatu alinipeleka mwenyewe mbele ya wazee wa kanisa, na yeye ndiye aliyependekeza nitengwe. Baba, sina kinyongo. Ulifanya vizuri. Hukunificha nyuma ya benchi lako.

Baba Mdogo alikaa Ukambani siku ishirini na sita. Aliporudi tulimuuliza habari, akasema, "Mke amerudi." Tukamuuliza tena, akasema, "Na watoto." Basi. Hiyo ndiyo taarifa yote aliyotupa, kisha akaenda kuangalia nimemharibia miti mingapi.

Mengine nimeyajua kwa barua ya Mwalimu Zefania, maana ndiye aliyerudi kule kumsindikiza, na barua hiyo ilinifikia juzi. Nawaombeni niwasimulie na Baba Mdogo avumilie.

Anasema Baba Mdogo hakumhubiria Mutua hata mara moja. Kila siku ikifika saa kumi, saa ya watu kwenda kilabuni, alikuwa anakuja na sufuria ya uji, wanakaa mlangoni, wanakunywa uji. Mutua akitaka kusimama, anammiminia tena. Walikunywa uji, ndugu zangu, mpaka tumbo likakosa nafasi ya kitu kingine. Wakati mwingine walichonga mzinga pamoja, na Baba Mdogo hajui kuchonga, akaharibu miwili. Kumbe ndivyo yeye mwenyewe alivyoacha pombe, kwa uji wa saa kumi, na hayo hakutuambia hapa kanisani miaka ile sita iliyopita. Alituambia mfereji, hakutuambia uji. Nadhani aliona ni jambo dogo mno kusema mbele za watu. Na mimi nilipoiba, niliiba mfereji nikauacha uji, kwa sababu hakuna anayempikia mtu kuku kwa habari ya uji.

Na Mwalimu anasema hivi. Jumapili ya mwisho, Nduku na watoto wakiwa wamekaa benchi moja na Mutua, mtoto mdogo mkono umeshaunga, watu wa kule walimwomba Baba Mdogo asimame aseme neno. Alikataa. Wakamwomba tena. Akasimama, kofia mkononi, na kwa kile Kiswahili chake cha sokoni akawaambia, "Ile habari ya mfereji mliyosikia ni yangu. Ni ya kweli yote. Yule kijana ni mtoto wangu, alichukua kitu cha baba yake. Msimseme vibaya tena." Akaketi.

Niliposoma hapo niliikunja barua.

Ndugu zangu, nimesimama mbele yenu leo na sasa ninalo la kusema, na ni langu mwenyewe, sikuliazima kwa mtu. Nilikuwa mwongo, mwenye wivu, mpenda sifa, na Bwana amenitoa. Alimwokoa Mutua mikononi mwangu mimi niliyekuwa namwangamiza, akaniokoa mimi mikononi mwa mtu niliyemwibia. Namshukuru Mungu. Nawashukuru wazee kwa adhabu. Namshukuru Mama Kamene, ambaye ameniletea salamu katika barua ile ile, anasema amesikia sasa nimeokoka.

Na wewe uliyekaa hapo unayedhani huna kitu cha kumpa Bwana kwa sababu maisha yako ni madogo, au unaficha kitu kwa sababu ni kikubwa mno, mwamini tu. Njoo na chako. Mchungaji yuko pale, wazee wako pale, hawaumi, mimi nimewajaribu. Na kama kuna mtu hapa ambaye saa kumi inamshinda, asione haya. Baba Mdogo anakaa karibu na mlango, mmwone mkitoka.